Mahudhurio ya Ziwani

Klementina Shigela alizaliwa Mwandoya, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako mto ni mchanga karibu mwaka mzima na mwenye kiu huchimba. Kwa hiyo msimcheke nikiwaambia kwamba kupiga kafi alijifunza vitabuni. Watu wa Nassa, huko ziwani, walikwisha kumcheka wakatosheka, hawakumbakizia mtu kicheko.

Aliletwa ziwani na ndoa. Mumewe, Nkinda, alikuwa mvuvi mwenye mtumbwi wa mtu mmoja na mdomo wa watu watatu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wamehamishwa na nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya viazi, na kila mtu mzima asiyejua kusoma ametakiwa ajue. Klementina alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la saba, basi kijiji kikampa chaki na ghala tupu la pamba lenye dirisha moja kubwa lililotazama ziwa. Akawa mwalimu wa watu wazima.

Kila jioni, kabla ya lolote, aliita majina. Aliyaita kwa sauti ile ile waliyoitia ng'ombe kwao, ukiwa sokoni uliisikia. Na kwa kuwa Nkinda naye hakujua hata a, mume akawa mwanafunzi wa mkewe.

"Nkinda!"

"Nipo, mwalimu, ila sijala!"

Darasa zima lilivunjika mbavu, maana wote walijua nani alipaswa kumpikia. Alijibu hivyo kila jioni, na kila jioni walicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Klementina alijifanya kununa. Kwa kweli alimpenda sana, na jibu lile alilingoja tangu asubuhi.

Kisha siku moja Nkinda alikwenda kutega nyavu, hakurudi. Mtumbwi wake ulikutwa kwenye matete ya upande wa pili wa ghuba, ndani mkavu kabisa, kafi limelazwa sawasawa, koti limekunjwa vizuri. Ziwa lilikuwa shwari siku ile. Wengine walisema amezama. Wengine, wale wasiokosa la kusema, waliapa kwamba ameonekana Ukerewe kwa mwanamke mwenye cherehani.

Maiti haikupatikana, basi hapakuwa na matanga. Januarius, kaka yake Nkinda, akasema ukoo usubiri pamba ivunwe, ndipo ukae uamue. Klementina hakutaka kuamuliwa. Kila jioni alipika, akaifunika sahani ya mumewe, na asubuhi akaifunua chakula kikiwa kilivyo. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Kama Nkinda yu hai, aendelee kufunika sahani. Kama amekufa, aachiwe alie kama wajane wengine. Katikati ya hayo mawili hakuna mahali pa mtu kukaa.

Aliomba apelekwe kule kwenye matete akaone kwa macho yake. Hakuna mvuvi aliyekubali. Mwanamke akiingia mtumbwini, walisema, samaki huhama.

"Basi nitakwenda mwenyewe," alimwambia Januarius.

"Utakwendaje, shemeji? Wewe hata kuoga ziwani unashika matete."

Hapo ndipo rafu yake ya vitabu ilipoanza. Darasani kulikuwa na masanduku mawili ya sabuni yenye vitabu vya kisomo, ndiyo maktaba ya kijiji. Klementina akaongeza sanduku la tatu, lake, la vitabu vya maji. Mwenye duka, Gharib, alipokwenda Bariadi kuchukua bidhaa, alirudi na mafungu ya karatasi kuukuu za kufungia sukari na majani ya chai. Alikuwa mtu wa imani zake, hapendi kuona maandishi yakikanyagwa.

"Mwalimu, njoo uone," alimwita siku moja. "Nimekuokolea kitabu kimoja. Kilikuwa kiende na robo ya sukari."

Hivyo vikaingia kimoja kimoja: kijitabu cha uvuvi bora, kitabu cha jiografia chenye sura inayoeleza upepo, kingine cha huduma ya kwanza kilichoeleza namna ya kumlaza aliyemeza maji. Kilichompendeza kuliko vyote kilikuwa cha Kizungu, hakina jalada wala mwanzo. Kiingereza chake cha masista kilimfikisha nusu, nusu akamalizia kwa picha: watu wameketi ndani ya vijitumbwi vyembamba vilivyofunikwa juu, viuno tu vinaonekana, na kila mmoja ameshika kafi lenye bapa huku na huku. Alikwenda kwa fundi Ngeleja akamtaka aunge kafi la Nkinda na jingine, liwe hivyo hivyo. Ngeleja aliliunga huku akitikisa kichwa.

Alijifunzia kwenye mtumbwi wa Nkinda, uliokuwa umevutwa kurudi kijijini, na pale ufukoni wauza samaki waliacha biashara zao kumtazama. "Mayu, mama yetu, unapiga maji au unatwanga?" walimuuliza. Alipinduka, akainuka na matope puani, akarudi kwenye sanduku lake kusoma tena ukurasa ule ule, kesho yake akapinduka kwa namna nyingine. Lakini alikuwa mbishi. Ilipofika wakati pamba inapasuka, aliweza kwenda na kurudi sambamba na ufuko, mgongo wima, mabega yakizunguka kama picha zilivyoagiza. Wakaacha kucheka.

Januarius ndiye aliyeanza kuogopa. Alikuja ghalani akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, nakuona utakwenda kweli. Sikia basi. Kule ndani ya ziwa hatuitani majina. Mwenzako unamwambia 'wewe wa mbele', inatosha. Jina ni la nchi kavu. Kule likitamkwa, linashikwa."

"Linashikwa na nani?"

"Ukimjua huyo, umeshachelewa."

"Kitabu gani kimesema hivyo, Januarius?"

Januarius alivitazama vile vitabu kwenye sanduku, akavaa kofia yake akaondoka. Ndiyo shida ya watu waliosoma kwa taabu: kisichopigwa chapa wanakiona hakipo. Klementina alikuwa mmoja wao, na mimi simlaumu sana.

Alitoka asubuhi, jua limeshapanda, ziwa limetulia kama mafuta ndani ya karai. Alivuka ghuba bila kumeza hata tone. Kwenye matete hapakuwa na kitu. Hapakuwa na nguo, wala mfupa, wala wavu. Alizunguka mara kadhaa, na kadiri alivyozunguka ndivyo moyo ulivyomlegea, maana alikuwa amejifunza yote yale ili aje kutazama majani.

Ndipo wakaja wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wanaoinuka majini kwa wingi hata mtu wa mbali akadhani ni moshi. Hawaumi. Lakini walimfunika, jua likawa hafifu, ufuko ukapotea, hata sauti ya maji ubavuni mwa mtumbwi ikakoma. Klementina alijifunga khanga mdomoni akatulia. Hofu ilimpanda. Na mtu akiogopa hushika kazi anayoijua. Yeye kazi yake ilikuwa kuita majina.

Alishusha khanga, akaita kama alivyoita ghalani.

"Nkinda!"

Halafu, kutoka ndani ya moshi ule, si mbali, ikaja sauti ya mumewe.

"Nipo, mwalimu."

Ilikuwa yake. Mkwaruzo wake, na ule uvivu wake wa mwisho wa neno. Klementina machozi yalimtoka. Alingoja. Akangoja tena kile kilichobaki, kile cha kuchekesha, lakini hakikuja. Sauti ilikuwa imesema, imenyamaza, na ilikuwa kama inamsikiliza.

"Ila?" akasema Klementina, taratibu, kama anavyomsaidia mwanafunzi aliyekwama ubaoni. "Nipo, mwalimu, ila?"

"Nipo, mwalimu," ikarudia, karibu zaidi, sawasawa na mara ya kwanza.

Nkinda hakuwahi kujibu hivyo maishani mwake, hata siku aliyokuwa na homa. Aligeuza mtumbwi akapiga kafi pande zote mbili, bila kufuata kitabu chochote, akilia kwa sauti na kulaumu. "Ila sijala! Nipo, mwalimu, ila sijala! Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mume wangu! Wewe si yeye!" Aliyasema hayo tena na tena mpaka akatoka kwenye moshi akauona ufuko.

Alimwambia Januarius kwamba Nkinda amekufa, na kwamba anajua. Januarius alimtazama usoni, akaenda kuwaita wazee. Ukoo ukakaa, ukazika koti lile lililokutwa limekunjwa, Klementina akanyolewa, akalia kilio chote alichokuwa amekizuia. Jioni ya mwisho ya matanga aliosha ile sahani ya pili akaifungia kabatini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala usingizi mzito.

Wiki iliyofuata alirudi ghalani. Wanafunzi walikuwa wamefika wote, Januarius amekuja kuketi nao, hata Gharib, ambaye hakuwa na haja ya kisomo, alikuja kumpa pole na kitabu kimoja cha mafundo ya kamba. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Aliita majina. Alipofika mahali pa Nkinda alivuta pumzi, akapita, akaita aliyefuata, na aliyefuata, mpaka wakaisha. Hakuna aliyemsahihisha.

Alikuwa anageukia ubao ile sauti ilipoingia dirishani, kutoka upande wa maji, ya furaha na ya mzaha.

"Nipo, mwalimu, ila sijala!"

Hakuna aliyecheka. Januarius aliinuka akafunga dirisha. Gharib alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Klementina alibaki na chaki hewani, akitazama lile sanduku la tatu. Vitabu vyote vile, na hapakuwa na hata kimoja cha kumwambia kama huyo ni mume wake, ambaye yeye Klementina alimkimbia kule na kumzika angali akimwitikia, au ni kile kingine, ambacho yeye mwenyewe, kwa mazoea ya ualimu, amekifundisha jibu.

Aliwaruhusu watu waende. Nyumbani alikoka moto, akasonga ugali wa watu wawili, akafungua kabati na kuitoa sahani.