Mama mkwe ananichagulia pakiti nzuri, na dereva amesimamishwa kazi

Admin, nifichie jina kabisa, humu kuna watu ninaofanya nao kazi.

Mimi ni msichana wa miaka 29, Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, sasa naishi Nyakabanda. Niko kitengo cha ubora kwenye kiwanda kidogo cha unga wa uji hapa Kigali. Nina mchumba, tumwite Claude. Mwezi ujao familia yao inakuja kwetu kwa gusaba, kunichumbia rasmi. Mama yake yuko kiwandani hapohapo, anafunga pakiti. Ananipenda jamani, hadi naona aibu.

Kazi yangu ni chati ya uzito. Mashine yoyote huyumba kidogo, kwa hiyo mwanzoni nilipima pakiti mwenyewe, nikakokotoa wastani, nikachora mstari wa katikati na mipaka miwili, juu na chini. Kila saa zinachukuliwa pakiti chache zozote, bila kuchagua, wastani wake unakuwa kitone kwenye chati. Kitone kikivuka mpaka, tunasimamisha mashine. Kazi ziliponizidi nikamwomba Mama Claude awe ananiletea hizo pakiti. Tangu hapo vitone vikatulia, vyote vimejibana kwenye mstari wa katikati. Bosi akanisifu, nami kichwa kikavimba.

Kumbe wenye maduka wa Nyabugogo wanalalamika pakiti ni nyepesi. Bosi akatazama chati, akasema kiwandani hakuna tatizo, basi ni dereva anayezipeleka madukani. Eti anafungua pakiti njiani, anachota, anafunga tena! Mtu mzima na familia yake kasimamishwa kazi kwa wizi.

Mimi nikaanza kukosa raha, maana hakuna mashine inayotulia hivyo. Nikaenda kusimama karibu na Mama Claude. Nikamwona anaokota pakiti, anaipima kwa kiganja, anairudisha kwenye zinazoenda dukani, anachukua nyingine. Nikamuuliza.

"Mukobwa wanjye, binti yangu, mimi nachukuaga zile iko sawa," akanijibu akitabasamu. "Zile nyepesi narudisha. Sasa nikuletee mbaya, bosi akuseme? Wewe iko mtoto wangu."

Huyu ni mama ambaye mgeni akija anampa kikombe kizuri, kile chenye ufa anakinywea mwenyewe. Alidhani na kupima ni hivyohivyo.

Nilimweleza Claude. Akaniambia, "Rekebisha mashine kimyakimya, yaishe. Ukimtaja mama watamfukuza, na sisi kwenu tutakuja na uso gani?" Mashine nimerekebisha. Dereva bado yuko nyumbani.

Jumatatu bosi anataka nisimame kwenye kikao na ile chati, iwe ushahidi dhidi ya dereva. Sikai nikatulia. Nafua nguo safi, naanza kupika nasahau, nikimwona Mama Claude nageuza njia. Nampenda na namkasirikia kwa wakati mmoja.

Jana dereva akanipigia mwenyewe. "Dada, nimesikia Jumatatu unaleta vipimo vyako. Nashukuru sana. Wewe hupendelei mtu, najua hiyo chati itanitoa."

Nikamwambia, "Sawa kaka," nikakata simu.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Msinitukane tu, nimeshajitukana vya kutosha.