Nyuzi Nane za Mama Mkwe

Wateja walimwita Fundi Jicho kwa sababu hakuwa na haja ya tepu ya kupimia. Alifumba jicho moja, akautazama ukuta, na geti alilochomelea likakaa mahali pake kama limezaliwa hapo. Mtu mmoja tu hakuvutiwa: mama mkwe wake.

"Huyu anabahatisha," alikuwa akimwambia binti yake, mke wa Jicho.

Basi mama huyo alipovunjika nyonga, akaletwa kuishi chumba cha uani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, Jicho akaona hapa ndipo pa kumfunga mdomo. Baraza ya nyumba kubwa ilikuwa juu nusu mita. Nesi alikuwa amesema mteremko wa kupandishia kiti usizidi nyuzi nane. Safari hii, Jicho akaapa, hakadirii kitu. Aliikumbuka hesabu ya shuleni: kimo ugawe kwa saini ya pembe, ile "sin" ya kwenye kikokotoo, upate urefu wa bati la mteremko. Akachukua kikokotoo cha binti yake aliyekuwa akisoma chuo, akabonyeza kwa kidole chenye masizi.

Jibu likaja: nusu mita na ushee kidogo.

Jicho lake lilikataa palepale. Akalinyamazisha. Hii ni sayansi, wewe baki na mageti yako.

Akakata bati, akachomelea, akapaka rangi ya kijani, akaita familia. Bati likasimama wima kama mlango uliofungwa. Mkewe akashikwa na kikohozi cha ghafla, akaingia ndani.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema kwa upole wa kutisha, "hii ni njia au ni ukuta?"

"Hesabu ndiyo imesema, mama."

"Basi hesabu itangulie kupanda, mimi nitafuata."

Binti akakichungulia kikokotoo, akauma midomo asicheke. "Baba, nilikiacha kwenye radiani. Umeandika nane, chenyewe kimeelewa radiani nane. Na radiani moja ni karibu nyuzi hamsini na saba."

"Kwa hiyo nane zake ni nyuzi ngapi?"

"Zidisha kwa mia na themanini, gawa kwa pai. Mia nne hamsini na nane."

"Na duara zima lina ngapi?" akauliza mama mkwe.

"Mia tatu na sitini, bibi."

Bibi akatafakari. "Yaani alitaka kunibinua duara zima, halafu aanze upya."

Binti akakirudisha kwenye nyuzi, akapiga upya: mita tatu na nusu na ushee. Ndivyo jicho lilivyosema tangu mwanzo, lakini hiyo haikuwa siku ya kujisifu.

Bati jipya lilikaribia kugusa geti. Mama mkwe akapanda bila kusukumwa, akapita barazani, akapitiliza hadi jikoni, ambako mkewe Jicho alikuwa amepika wiki kadhaa bila msimamizi. Mfuniko wa sufuria ukalia.

"Nani ametia chumvi hivi?"

Jicho na binti wakabaki nje, wakajifanya wanakagua rangi.