Bakshishi ya Fundi Mizani

Miaka kumi na tisa nimebeba sinia katika mkahawa ule ule, kwa hiyo habari za bakshishi usinifundishe. Nakujua utatoa au hutoi tangu unapovuta kiti. Anayenipigia makofi kuniita, huyo hatoi. Anayeniita "mrembo" naye hatoi, na mkono wake inabidi niuchunge. Yule anayechambua bili kama anasoma barua ya mahakama hana kitu, ila ukimwonyesha kwamba amejumlisha vibaya anaweza kutoa kwa aibu. Wanaotoa vizuri ni waliowahi kubeba sahani wenyewe. Vijana waliokuja na wachumba nao hutoa, huku wakimtazama mchumba, wala si mimi. Sijali, watazame wanakotaka.

Wateja wananiita Pilipili. Jina sikulichagua, lakini sitasema nimeonewa.

Fundi mizani hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, aliyefiwa na mkewe zamani kama mimi nilivyofiwa na mume. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani za madukani na sokoni. Alitembea na sanduku la mbao lenye brashi, bisibisi, kichupa cha mafuta ya cherehani na mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe limefungwa kwenye kitambaa chake kama kitoto kichanga. Muuza nyama ambaye mizani yake inampendelea hakufurahi kumwona mlangoni. Wanunuzi walimpenda.

Saa saba kasorobo anaingia, ananawa mikono mpaka viwikoni, anakaa meza ya dirishani. Wali na kuku, mchuzi pembeni. Baada ya hapo chai. Akimaliza analipa, anasema "ahsante sana dada", anaweka sarafu mbili chini ya kisosi, anabeba sanduku lake anaondoka. Kila siku ya kazi, miaka mitatu. Hata siku ile kuku alipokuwa mgumu wa kung'oa meno, sarafu mbili zilikuwepo. Nilimwuliza imekuwaje, akasema, "Kuku hukumpika wewe, dada."

Sasa niwaeleze habari ya kopo, maana bila hilo kopo hamtaelewa kwa nini nilikaribia kumpiga mtu.

Bakshishi yote pale kwetu inaingia katika kopo la maziwa ya unga lililo juu ya rafu ya jikoni. Jumamosi bosi anakuja, analifungua, tunagawana watu watatu: mimi, mpishi, na Mama Mkubwa anayeosha vyombo. Mama Mkubwa si ndugu wa yeyote kati yetu, tunamwita hivyo kwa umri wake na kwa heshima. Bosi aliweka sheria moja tu, akaisema mbele yetu sote: atakayekutwa na bakshishi mfukoni, kazi hana. Sikuona ubaya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwosha sahani chafu hakuna anayempa bakshishi.

Basi Jumatatu moja fundi mizani akala, akanywa chai, akasema ahsante, akaondoka. Nikainua kisosi. Hakuna kitu. Nikasema amesahau, binadamu huyu. Jumanne hakuna kitu. Jumatano niliinua kisosi, sahani, chupa ya chumvi na kitambaa cha meza, nikachungulia na chini ya kiti kama mtu aliyepoteza hereni. Hakuna kitu!

Na lililonishangaza zaidi ni kwamba mwenyewe hakuwa na hasira. Tena alizidi kuwa mwema. Nikimletea sahani anainuka kidogo kuipokea. Ananiuliza kama na mimi nimekula. Mashati yakaanza kuja yamepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Nikajisemea, maskini, kazi zimemwendea kombo, ndiyo anajinyoosha hivyo watu wasijue. Nikawa namwongezea mchuzi.

Wiki ya pili mpishi akaanza. Mpishi wetu ni mtu wa kitambi, mkono wake mtamu na mdomo wake mchungu. Kile kidirisha anachotolea chakula kinatazamana na meza ya fundi, kwa hiyo anamwona akiingia na akitoka.

"Pilipili," akasema, "kopo limekonda siku hizi."

"Lipeleke hospitali."

"Fundi anakula, anacheka, anaondoka, wala kopo halilii. Zile sarafu zinapitia wapi?"

"Haachi sarafu."

"Mtu aliyeacha miaka mitatu? Hata kuku alipokuwa jiwe?" Akatikisa kichwa. "Haya. Mimi sijasema kitu. Lakini Jumamosi bosi akija, hayo ya haachi sarafu utamweleza wewe."

"Unaniita mwizi?"

"Nimesema sijasema kitu."

Jamani! Bora angesema. Mtu akikuita mwizi waziwazi unaweza kumjibu. Huyu alinigeuzia mgongo akaendelea kukata vitunguu. Nilipandwa na mori. Na chini ya hasira nilikuwa na hofu, sitaficha. Binti yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na kila alichovaa na kila alichokula kilitoka katika ile kazi. Isitoshe, jina langu. Miaka kumi na tisa sijachukua hata kijiti cha meno kisicho changu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka kupeleka supu meza ya tatu.

Mama Mkubwa aliniona macho. Akanivuta pembeni na mikono yake ya povu.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Kamwulize huyo mtu."

"Nimwulize mteja kwa nini hanipi bakshishi? Mama Mkubwa, bakshishi haidaiwi! Mtu anatoa akipenda."

"Usidai hela. Uliza sababu. Kesho Ijumaa, keshokutwa bosi huyo."

Usiniulize nililalaje. Ijumaa saa saba kasorobo akaingia, shati la samawati, pasi tupu. Mkahawa ulikuwa umejaa. Nilimletea wali wake, nikamwacha ale nusu, kwa sababu kumwuliza mtu mwenye njaa ni kutafuta ugomvi. Halafu nikaenda nikasimama mbele yake, sinia nimelikumbatia kifuani.

"Fundi, nimekukosea nini?"

Akaweka kijiko. "Mimi? Hujanikosea, dada."

"Chakula kibaya?"

"Kizuri sana."

"Nimekujibu vibaya?"

"Unanijibu vibaya tangu mwaka wa kwanza. Nimeshazoea."

Meza ya jirani wakacheka. Nikawatazama, wakarudi kwenye sahani zao.

"Basi mbona siku hizi unaondoka hivi hivi? Sikudai. Chako ni chako. Ila nataka kujua sababu, maana huko jikoni kuna watu wananiona mwizi kwa ajili yako."

Yule baba alibadilika rangi. Akatazama dirishani, akatazama kuku, jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Nilikuwa nakupa," akasema, "kwa sababu ulikuwa unanihudumia."

"Na sasa nakufanya nini, nakuchunga?"

"Sasa..." Akamung'unya maneno, sikusikia kitu.

"Sema kwa sauti, fundi, mimi si mganga."

Basi akasema kwa sauti. Kwa sauti kuliko alivyokusudia, nadhani. "Sasa sifuati chakula! Kuku hata nyumbani najipikia. Nakuja kukuona wewe. Nikafikiri, mtu ninayetaka kumuoa, nitamwekeaje sarafu mbili chini ya kisosi? Nikaona ni kumdharau. Ndiyo nikaacha. Nilidhani utaelewa."

Nilidhani utaelewa! Wanaume, jamani, nani aliwaroga? Mtu ananyamaza wiki mbili, ananitia katika matatizo ya kufukuzwa kazi, na hayo kwake ndiyo mapenzi.

Mkahawa mzima ulikuwa umetugeukia. Watu wana wali mdomoni na hawatafuni. Na mimi, sitasema uongo, uso ulinichoma. Kwanza nilishusha pumzi, kwamba sababu ipo na si kosa langu. Kisha nikakasirika upya. Na katikati ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nimekisikia tangu nilipofiwa, kitu cha kunifanya nikumbuke kwamba asubuhi ile sikuchana nywele vizuri.

"Inuka," nikamwambia.

"Niende wapi?"

"Jikoni."

Nikamshika mkono wa shati, pale palipopigwa pasi, nikampitisha katikati ya meza zote. Maskini, alidhani nampeleka kwa wazee wangu. Alipoingia jikoni akavua kofia, akasimama wima, akamwamkia Mama Mkubwa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Haya," nikasema, "mweleze huyu mwenye mwiko uliyonieleza mimi."

Akaeleza. Yote, toka mwanzo, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuposa. Mpishi alimsikiliza mwiko ukiwa hewani, mchuzi unamdondokea kwenye kiatu.

"Kwa hiyo hukuacha hata sarafu moja?" akauliza.

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, hata moja."

Mpishi akauteremsha mwiko taratibu. Akanigeukia. "Dada, nisamehe. Huu ulimi wangu..."

"Huo ulimi wako ukaukaange."

"Nitaukaanga. Nisamehe, dada yangu. Nimekukosea vibaya." Na macho yake yalionyesha anamaanisha, nikaona hapo patosha. Lakini sikuwa nimemaliza.

"Na wewe, fundi. Mimi unanitaka, haya, nimesikia. Huyu mama anayeosha sahani yako miaka mitatu, naye unataka kumuoa? Na huyu mwenye kitambi je?"

Fundi akanitazama, hajaelewa. Nikamwonyesha kopo. Nikamwambia kila sarafu aliyoacha iliingia humo, tukagawana watatu.

"Zote?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akapiga hesabu kwa vidole, na nikaona uso unamwanguka. "Kwa hiyo miaka mitatu yote nimekuwa nikimhonga mpishi?"

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika karai asianguke. Mpishi akasema, "Na mimi nilikupenda, fundi! Ulidhani paja la kuku lilikuwa linakufuata lenyewe kila siku?"

Tukacheka sote, hata mimi, ingawa nilikuwa nimeapa sicheki. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatumbukiza sarafu za siku zote alizoruka, kopo likalia. Hapakuwa na haja ya kumwambia. Ile mizani yake ya ndani ilishamwambia.

Lakini Mama Mkubwa alimshika bega. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Umetangaza mbele ya watu arobaini. Mwenyewe amekujibu?"

Wakanitazama wote watatu.

Ningesema nini? Nimekuwa peke yangu miaka kumi na moja. Nimezoea kufunga mlango mwenyewe na kuufungua mwenyewe. Nilimtazama yule mtu na kofia yake mkononi, anangoja jibu kama anavyongoja sindano ya mizani itulie, hakurupuki, hasukumi.

"Nina meza nane zinangoja chakula," nikasema. Nikachukua sinia. Nilipofika mlangoni nikageuka. "Jumapili nipo nyumbani. Saa saba. Na ukiacha sarafu kwenye meza yangu nitakurushia nazo."

Jumapili saa saba kasorobo alikuwa mlangoni. Nilipika tangu asubuhi, mimi ambaye siku ya mapumziko sitaki hata kuona sufuria. Binti yangu alikaa akimkagua kama askari wa mpakani. Tukala. Fundi alisifu chakula mara moja tu, nikapenda hivyo, sifa nyingi zinanitia shaka. Alipomaliza akatulia, mikono magotini, na nilimwona hajui afanye nini. Mkahawani alikuwa anajua.

Halafu akainuka. Akachukua sahani yake, akachukua ya binti yangu, akaja upande wangu akaiondoa yangu mbele yangu. Akazipanga moja juu ya nyingine, vijiko juu, akaenda nazo kwenye sinki. Nikasikia maji yanafunguliwa.

Nilibaki nimekaa, mikono juu ya meza, sijui niiweke wapi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini alidhani sahani hutembea zenyewe. Maelfu ya sahani nimeondoa mbele za watu, na sikumkumbuka mtu mmoja aliyewahi kuondoa yangu. Machozi yakanitoka, mimi Pilipili, mezani kwangu, mchana kweupe.

Binti akashtuka, akaanza kuinuka. "Mama, kavunja kitu?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini? Ngoja nikamsaidie."

Nikamshika mkono nikamrudisha kwenye kiti.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Leo tunahudumiwa."