Diski ya shamba la michikichi

Siku ya ndoa ya binti yangu, shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, alisema mbele ya kamera kwamba shamba la michikichi ni langu. Mume alipokufa, akakana. Nikamwonyesha diski ya ndoa; akacheka: "Shemeji, hako kasahani weka fufu, ugali wako." Waliocheka naye, majina yao yote ninayo.

Diski ilifunguka kwa Windows ya zamani tu, na mashine yetu ya zamani ilikuwa imekufa. Nikapanda pikipiki toka Kabambare mpaka Kasongo, kwa mjukuu wangu, fundi wa ordinateri, yaani kompyuta. Akaweka Windows ile ndani ya mashine mupya, lakini haikuona kabisa kisoma-diski.

"Bibi, haijue vyombo vya sasa."

Akaingia kwenye mipango inayotangulia Windows, akageuza kisoma-diski kifanye kazi kwa namna ya zamani. Kikaonekana.

Tukamwita shemeji mbele ya ukoo. Alipojisikia akiongea ndani ya diski, akasema, "Basi, inatosha."

"Rudisha mwanzo," nikamwambia mjukuu. "Shemeji hajasikia muzuri."

Mara nne. Ukoo ukanirudishia shamba. Mjukuu alikuwa ameshanakili yote, kwa hiyo saa ya kula, fufu ya shemeji niliiweka juu ya ile diski.