Kipigo Kilichofika kwenye Figo

Fundi wa bodi za magari waliyemwita Nyundo alikuwa na mkono mwepesi, wala hakuona haya. Ukichelewa kumpa spana, kofi. Mkewe alifungasha virago kwa sababu hiyo hiyo. Aliyemvumilia ni mdogo wake, mpaka rangi wa gereji, mtu wa masihara.

Jumatatu asubuhi mdogo mtu akashusha jeki bila kutazama, kumbe kaka yumo chini ya gari! Nyundo aliponea chupuchupu. Akachomoka na hasira zake, akaokota bomba la ekzosi. Jamani, alimpiga! Mapaja, matako, mgongo, mapaja tena, mpaka mpigaji mwenyewe akaishiwa pumzi. Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Mdogo mtu akachechemea kwenda kulala, akisema afadhali kipigo kuliko hotuba za kaka.

Jumatano alikojoa matone machache, meusi kama chai ya rangi iliyokolea, na miguu ikakataa kusimama. Nyundo akambeba hadi hospitali. Huko mgonjwa akajifunika shuka mpaka shingoni, akamwambia daktari ni homa tu. Daktari akaanza kuandika dawa za homa. Nyundo akaikodolea kalamu. Akisema ukweli, ni polisi.

“Kaka,” mgonjwa akanong'ona, “moyo unaruka ruka.”

Nyundo akaivuta ile shuka. “Nimempiga mimi. Kwa bomba la chuma. Hapa, na hapa, na hapa.”

Daktari akatupa kalamu na kuita wauguzi. Huku akichoma sindano alimfokea Nyundo kwamba misuli iliyopondwa humwaga potasiamu kwenye damu. Siku zote figo huitoa kwa mkojo, zikiamriwa na homoni kutoka tezi zilizokaa juu yake. Sasa figo zimezibwa na mabaki ya misuli hiyo hiyo, homoni inaamuru bure, na potasiamu ikizidi moyo husimama.

Na ukasimama. Wakamkandamiza kifua mpaka mbavu zikalia, ukarudi. Wakampa insulini na glukosi kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, kisha wakamuunganisha na mashine ya kusafisha damu.

Siku ya nne hospitalini mgonjwa akafumbua macho. Nyundo alilia waziwazi, kamasi na yote, akanyoosha mkono amfute jasho.

Mdogo wake akajikunja, akafunika kichwa kwa mikono miwili.