Gari Lililoacha Kunywa

Elina, ambaye migomba yake imepakana na ya mzee Ambindwile, ndiye aliyelisambaza neno hilo: eti pikapu ya mzee inalia kwa sababu imeonja maiti. Aliyasema hayo kisimani, kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli. Tangu mzee abebe jeneza kutoka Tukuyu, kila likipanda mlima gari hutoa kilio chembamba kama cha mtoto mchanga. Linaomba la pili, akasema Elina. Wanawake wakacheka, lakini kuanzia hapo watu wa Kisiba waliokwenda mjini wakaona heri watembee.

Tusajigwe alijitwika ndoo yake akaondoka. Mzee Ambindwile alikuwa baba mkwe wake, na desturi ya kwao mkamwana hasimami uso kwa uso na mkwewe wala hasemi naye. Huko mjini wenzake walikuwa wameshailegeza. Katika boma la Ambindwile ilikuwa imekaza. Kwa hiyo tangu aolewe, Tusajigwe alimjua mzee kwa kikohozi chake, kwa mlio wa funguo zake, na kwa gari. Kila asubuhi aliacha jagi la maji ya kujazia gari karibu na tairi la mbele, akajifunika kitenge na kupotelea jikoni kabla mzee hajatoka.

Aliyoyajua ya zamani alisimuliwa na mumewe. Kwamba mzee aliendesha lori la ushirika la kubeba kahawa mpaka lile lori likaishia kwenye mawe, bila matairi, ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na mizani zao. Kwamba aliuza ng'ombe wake akashuka Dar es Salaam, akarudi na pikapu kuukuu ya Kijapani yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Na kwamba kwenye dashibodi yake kulikuwa na kitaa chekundu na king'ora cha kuonya maji ya rejeta yakipungua. Mzee alikisifia kanisani kama mtu anayemsifia mjukuu. Sasa kile kile ndicho kilichomfukuzia abiria.

Asubuhi moja ya mvua mtoto wa Tusajigwe, Asajile, aliamka anawaka moto, na uji ulipoiva alikuwa ameshapata degedege. Mumewe alikuwa Kyela kwenye mpunga, mama mkwe yuko msibani Lupepo. Tusajigwe alisimama uani na mtoto mikononi, hana wa kumtuma. Hakuhitaji kutuma. Mzee alitoka, akatazama pembeni, akafunga turubai juu ya bodi, akatandika gunia kavu, kisha akaingia kwenye usukani bila neno. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Tusajigwe alipanda nyuma.

Walipoanza kupanda kuelekea Masoko, kile kilio kikaanza. Mzee alisimamisha gari, akafungua boneti, akachungulia chupa ya maji ya akiba ya rejeta. Imejaa. Akaondoka. Kikalia tena. Akashuka mara ya pili, akagonga chupa kwa kidole, akalitukana gari taratibu, kwa heshima. Imejaa hadi kwenye mstari. Safari hii moshi mweupe ulikuwa unatoka pembeni, na Tusajigwe akamsikia akinong'ona kwamba labda waya wa king'ora umeharibika, bora aukate waende hivyo hivyo.

Mtoto alikuwa amelegea. Injini ingefia pale, mguu usingewafikisha hospitali mapema. Tusajigwe akashuka, akaitupia chupa jicho, akageuka akimpa mzee mgongo, kitenge mpaka kwenye nyusi, akamwinamia mtoto.

"Asajile," akasema, "mwambie babu, maji ya kwenye chupa ni yale yale. Kile kipande cha jani la mgomba nilichokiona Jumapili boneti ikiwa wazi bado kinaelea palepale. Zamani gari lilimaliza jagi zima. Siku hizi jagi nalikuta halijaguswa. Gari limeacha kunywa, babu."

Kisha Tusajigwe akasikia boneti ikiinuliwa zaidi.

Alingoja kwanza injini ipoe, akiifunikia rejeta gunia lililoloa mvua, maana mtu hafungui mfuniko wa rejeta ya moto akabaki na uso. Alipoufungua, ndani palikuwa patupu kiasi cha kuingiza vidole. Chupa imejaa, rejeta ina kiu. King'ora kilikuwa kimesema kweli siku zote. Mzee akauchomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye chupa kwenda kwenye rejeta, akaupuliza mpaka mashavu yakavimba. Ukatoka uji mweusi.

"Majani ya chai," akasema, kana kwamba anamjibu Asajile. "Ni mimi, mjukuu wangu. Niliyamimina yazibe tundu la rejeta, kama tulivyofanya kwenye lori. Yakaziba na koo."

Akateka maji kijitoni, akajaza. Pikapu ikapanda kimya hadi Tukuyu. Ilikuwa malaria, nesi alisema wamewahi. Tusajigwe alikaa kando ya kitanda akiitazama dripu ikidondoka, na kwa kila tone akashukuru: Mungu, nesi, gari, hata kile kilio.

Siku ya kuruhusiwa, mzee alikuwa anangoja nje ya lango. Asajile alimnyooshea mikono babu yake. Tusajigwe akajifunika, akaelekea nyuma.

"Mama Asajile."

Hakuwahi kumwita. Tusajigwe alisimama, macho chini.

"Ndaga," mzee akasema, akashukuru kwa lugha ya nyumbani kwanza. Akakohoa kile kikohozi chake. "Nakuomba kitu. Kesho asubuhi ukileta maji, usiyaache kwenye tairi ukakimbia. Ningoje. Tufungue wote, uniangalizie kama linakunywa."