Mama Aliyeimbia Filamu ya Kifilipino

Jumanne asubuhi nilikuwa Kwa Mathias, hapa Kibaha, napuliza supu ipoe, ndipo simu ikaniletea habari kwamba mama mmoja wa Misugusugu amefariki na mazishi ni alasiri, nyumbani kwake. Wasomaji wangu hamumjui, na yeye angekasirika sana kusikia hivyo. Enzi za ujana wake alikuwa mwimbaji wa taarabu, jina lake likiandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mabango, na mpaka uzeeni alikwenda gengeni kama mtu anayepanda jukwaani. Akiomba nyanya, aliomba kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. Nilimpenda, na nililia palepale, ingawa supu niliimaliza.

Tulijuana kwa sababu ya filamu. Pale stendi kuna duka la kuingiza filamu kwenye flashi, zile zilizotafsiriwa, ambazo mtafsiri mmoja huzungumza juu ya sauti za waigizaji wote: yeye ni baba, yeye ni mama, na mbwa akibweka anatueleza kwamba mbwa amebweka. Siku hiyo nilimkuta mama anamgombeza muuzaji. Alikuwa amechukua filamu ya Kifilipino kuhusu mwimbaji maarufu aliyechuja, anayeishi chumba cha kupanga pamoja na magauni yake ya zamani, na ambaye mwishoni anapata nafasi ya kuimba mara moja tu mbele ya watu. Basi dada wa watu anashika maiki, anafungua mdomo, na mtafsiri anasema, "Hapa anaimba kidogo, twende mbele." Na kweli akaenda mbele. Wimbo wote ulikatwa, yakabaki makofi.

"Makofi ya nini?" mama aliniuliza mimi, mpita njia. "Masaa mawili namsubiri mwenzangu aimbe, halafu ananikatia! Mwanangu, huyu mtafsiri anakaa wapi?"

Kosa langu ni kwamba nilijua. Jumamosi yake tulishuka Kiluvya, tukapanda bodaboda, kila mtu na yake, hadi Kisarawe. Tuliposimama kujipangusa vumbi ndipo aliponieleza. Mara yake ya mwisho kuimba, kwenye harusi moja Mlandizi, kiongozi wa kikundi alimzimia maiki katikati ya ubeti wa tatu ili apande binti mgeni. Alibaki anachezesha midomo mbele ya halaiki, kisha akashuka, na tangu hapo hakuimba tena mbele ya mtu. "Ule ubeti umenikwama hapa," alisema, akigusa koo. Nikaelewa kwamba hatukuwa tunakwenda Kisarawe kwa ajili ya Mfilipino.

Mtafsiri, ambaye kwenye filamu ana sauti ya lori la mchanga, tulimkuta ni mwanamume mdogo wa umbo, mwenye miwani, anaanika nguo za watoto. Studio yake ilikuwa stoo iliyobandikwa trei za mayai kuta zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemkatia mwenzangu wimbo?"

"Mama, wimbo hauna maandishi. Mimi nasoma yale ya Kiingereza yanayopita chini. Akianza kuimba yanapotea. Sasa nitasema anaimba nini?"

"Kifilipino hujui?"

"Sijui, mama."

"Na Kiingereza?"

"Najitahidi."

"Basi washa hiyo maiki. Anachoimba mimi nakijua."

Hakujua hata neno moja. Lakini aliutazama uso wa yule mwanamke kwenye kioo cha kompyuta mara mbili, akaomba maji ya uvuguvugu, akaimba kwa Kiswahili: "Nguo nimepiga pasi, wageni wangu wa wapi? Mliopotea njia, rudini mnisikie." Sauti ilikwaruza, ikapanda, na kwenye ubeti wa tatu ikakatika kabisa. Mtafsiri akanyoosha kidole kwenye kitufe. "Usiguse!" Mama akakohoa, akanywa maji, akaendelea pale pale alipoishia. Staa kwenye filamu alikuwa ameshamaliza zamani na anapokea maua, ikabidi asimamishwe amsubiri mama yetu. Kile kikohozi kimo mpaka leo, na pale Mkuza kuna saluni ambako wateja wanaapa kwamba Wafilipino siku hizi wanaijua taarabu.

Tulipotoka aliniuliza, "Nimeimbaje?" Nikamwambia kweli: mahali pengine vibaya. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Vibaya," akasema, "lakini mpaka mwisho."

Tangu msiba nimekuwa nikituangalia sisi watu wa Kibaha, watu wa ofisi na wa kuwahi basi la mjini, nikaona kila mmoja ana kitufe chake cha kwenda mbele. Mzee anastaafu, anasimama kuaga, na katikati ya neno anatokea mtu kumnong'oneza kwamba keki inasubiri. Harusini mshereheshaji anampa babu maiki huku mkono wa pili umeshaushika waya. Tunasema ya kale ni dhahabu, halafu dhahabu yenyewe tunaipa dakika mbili.

Nami si msafi. Wiki mbili kabla hajafa nilipita kumjulia hali. Alikuwa kitandani lakini amechangamka, akaanza kunisimulia siku alipotoroka nyumbani kwao mara ya kwanza kwenda kuimba: alivyovaa viatu vya dada yake, alivyorudi alfajiri amevibeba mkononi, akamkuta baba yake amekaa mlangoni anamngoja. Hapo simu yangu ikaita. Mhariri alitaka safu. "Mama, tutamalizia siku nyingine," nikasema. Akajibu, "Haya mwanangu, nenda." Pale msibani niliwauliza ndugu zake baba alisema nini mlangoni. Hakuna aliyejua. Kwa hiyo nawashauri, na nawashauri kwa uchungu: mtu mzima akianza kusimulia, zima simu ukae mpaka amalize. Ile safu niliyoikimbilia siku hiyo, wala sikumbuki ilihusu nini.